Mzio wa Kuvumwani ya Miti: Kuutambua na Kuudhibiti katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Mgonjwa anayejikuna shingo, kwapa au vifundo vya mikono si mgeni katika zahanati za Wilaya ya Kyela. Joto la bonde, jasho, maji ya majaruba ya mpunga na wadudu wa mwambao vimewazoeza watu kuishi na ngozi inayowasha, hata wengi hawaendi kutibiwa mpaka vipele vianze kutoa maji. Lakini miongoni mwa wagonjwa hao wapo ambao maradhi yao hayatokani na bonde hata kidogo. Yametoka katika misitu ya nchi za baridi, yakasafiri ndani ya chupa ya manukato, yakapitia dukani au kwa kinyozi, yakafika katika ngozi. Hao ni wenye mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita, wa kuvumwani ya miti. Makala haya yanaeleza namna ya kuwatambua bila maabara kubwa, namna ya kuwatibu kwa dawa zilizopo, na sababu ya wengi wao kuzidi kuumwa kila wanapojinunulia dawa.

Kuvumwani na safari yake

Jina la Kiswahili limebeba elimu kamili: kuvumwani ni kuvu na mwani. Viumbe wawili huishi kama mwili mmoja. Kuvu hujenga umbo na kushika unyevu, mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Wafanyabiashara wa manukato wa Ulaya waliiita kwa jina la vimea laini vya kijani vinavyoota penye majimaji, na kosa hilo limedumu katika biashara hadi leo. Kiswahili hakikukosea.

Aina inayohusika hapa wataalamu wa mimea huiita Pseudevernia furfuracea, ila viwanda vya vipodozi bado huandika jina la zamani, Evernia furfuracea. Huota hasa kwenye magome ya misonobari ya Ulaya na ya milima ya Moroko. Huvunwa, hukaushwa, kisha huyeyushwa kwa vimiminika maalumu ili kupata uto mzito wenye harufu ya msitu ulionyeshewa. Ndugu yake wa karibu, Evernia prunastri, huota zaidi kwenye mialoni na hutumika kwa kazi ileile. Thamani yao haimo katika harufu peke yake: hushika harufu nyingine zisiruke upesi mwilini. Tangu François Coty alipotoa manukato yake ya Chypre mwaka 1917, ukoo mzima wa manukato umejengwa juu ya msingi huo, na manukato ya kiume na losheni za baada ya kunyoa zimeutumia sana.

Mkazi wa Kyela anayejua misitu ya juu huenda akauliza: je, zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya Mlima Rungwe na Milima ya Livingstone? Hizo ni kuvumwani pia, za jamii ya Usnea, na zina asidi ya usiniki ambayo nayo imewaletea mzio wakata miti wa nchi mbalimbali. Kwa hiyo mtu aliyepanda msituni kutafuta mbao au kuni, akarudi na vipele mikononi na begani alipobebea magogo, anastahili kuulizwa kuhusu magome aliyoyashika. Hata hivyo Rungwe ina kimo cha zaidi ya mita 2,900, na ufuko wa ziwa hauzidi mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kwa mkazi wa Ipinda, Matema au Kyela mjini, chupa iko karibu kuliko msitu.

Mwili unavyojifunza kukataa

Ndani ya kuvumwani zimo kemikali mbili zilizowasumbua watafiti kwa muda mrefu: atranoli na kloroatranoli. Mwaka 2003 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba kloroatranoli ni miongoni mwa vizio vikali kabisa vinavyojulikana katika manukato. Wengi wa wagonjwa waliojaribiwa walitokwa na vipele kwa kiasi kidogo mno, sehemu chache tu katika milioni.

Mzio huu si ule wa karanga au wa kuumwa na nyuki, unaomvimbisha mtu koo ndani ya dakika chache. Ni mzio wa mguso, unaoendeshwa na seli za kinga ziendazo polepole. Kwanza seli hizo hujifunza kukitambua kizio, kazi inayochukua siku 10 hadi 14 kwa uchache, na mara nyingi miezi au miaka ya kutumia kitu kilekile. Katika kipindi hicho mtu haoni dalili yoyote. Zikishajifunza hazisahau. Kila ngozi inapoguswa tena, ukurutu huzuka baada ya siku moja hadi tatu.

Mambo mawili katika maelezo hayo huwapotosha wagonjwa na watabibu pia. La kwanza ni kauli ya mgonjwa kwamba ametumia mafuta hayo miaka mitano bila shida. Kauli hiyo haikiondolei kitu lawama, maana mzio huhitaji muda wa kujengeka. La pili ni pengo la siku. Mtu aliyejipulizia manukato Jumapili kwenda kanisani, akaanza kuwashwa Jumanne akiwa shambani, atalaumu shamba. Atalaumu kakao, majani ya mpunga, au kitoweo cha Jumatatu jioni. Haitamjia akilini kulaumu Jumapili.

Sura yake katika ngozi nyeusi

Vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kwa shida, na mtabibu anayeusubiri atachelewa. Kinachoonekana mapema ni ngozi kuwa nene na ya zambarau iliyofifia au nyeusi zaidi kuliko jirani zake, vipele vidogo vilivyosongamana, na wakati mwingine malengelenge madogo yanayopasuka na kutoa maji. Baadaye huja magamba, mipasuko na ngozi ngumu kama ya kiwiko. Muwasho ni mkali na hutangulia vyote. Vidole vya mtabibu husaidia kuliko macho: ukurutu hukwaruza chini ya kidole hata pale ambapo rangi haijabadilika.

Mahali penye vipele ndipo penye ushahidi. Manukato huacha alama pande mbili za shingo, nyuma ya masikio, kwenye vifundo vya mikono na katika kunjo la kiwiko. Pengine huonekana mstari ulioteremka kifuani, pale tone lilipotiririka. Dawa ya kwapa hushambulia kwapa lote, hasa kilindi chake, ilhali mzio wa rangi ya nguo hupenda kingo za kwapa, nguo inaposugua. Losheni ya mwili hutawanya vipele miguuni na mikononi bila mpaka ulio wazi. Kope ni hadithi yenyewe: ngozi yake ni nyembamba mno, hivyo huvimba kwa manukato yaliyobaki vidoleni hata kama usoni hakukupakwa kitu.

Yupo pia mgonjwa asiyetumia manukato kabisa. Mke huweza kupata ukurutu wa shavu kwa losheni ya mumewe ya kunyolea. Mtoto anayebebwa mgongoni huweza kutokwa na vipele upande mmoja wa uso, ule anaoulaza kwenye mgongo wa mama uliopakwa mafuta yenye harufu. Mama huyo atabadilisha uji, atabadilisha sabuni ya mtoto, atampeleka kwa kila anayesifiwa, huku chanzo kikiwa chini ya kanga yake mwenyewe.

Maradhi yanayofanana nao katika bonde

Kyela haina ruhusa ya kuita kila muwasho mzio. Wilaya za Rungwe, Kyela na Ileje zimo katika eneo la Tukuyu, lililojulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa usubi. Nzi wake wadogo weusi huzaliana katika mito yenye maji ya kasi, kama Kiwira na Mbaka, kabla haijatulia na kuingia ziwani. Ugawaji wa ivermectini kwa jamii umeupunguza sana, lakini mtu mzima mwenye muwasho wa miaka, ngozi iliyosinyaa kama ya mjusi, mabaka meupe ya madoadoa kwenye miundi na vinundu vigumu juu ya mifupa, achunguzwe usubi kwanza. Manukato hayafanyi vinundu.

Ziwa nalo lina muwasho wake. Viluwiluwi vya kichocho vinapopenya ngozi huleta vipele vya miguu na mapaja ndani ya dakika au saa chache baada ya mtu kuogelea, kufua au kuvua samaki penye magugu ya ufukoni. Vipele hivyo hutoweka baada ya siku chache vyenyewe, lakini minyoo hubaki ndani na mgonjwa hupaswa kupimwa kichocho. Upele wa kawaida hujulikana kwa kuwasha usiku, kukaa katikati ya vidole na sehemu za siri, na kuwashambulia watu wa nyumba nzima. Fangasi wa ngozi huchora duara lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyopona. Utomvu wa maembe na mafuta ya ganda la korosho husababisha mzio wa mguso kama huu huu, ila hufuata msimu na hukaa midomoni na mikononi.

Kuna jambo moja linalohitaji kusemwa wazi. Mkoa wa Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU nchini, na vipele vigumu vyeusi vya mikono na miguu vinavyowasha ni dalili inayofahamika ya VVU visivyotibiwa. Wanakijiji wanalijua hilo. Kwa hiyo mwenye ukurutu mikononi huanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni, huacha kuvaa mikono mifupi, na pengine hukwepa zahanati kwa hofu ya kuonekana huko. Kupima VVU ni vema kwa kila mtu, na mhudumu ana wajibu wa kushauri hivyo. Lakini akishaona vipele vilivyofuata njia ya manukato shingoni, ampe mgonjwa maelezo hayo kwa sauti inayosikika, tena mbele ya mwenzi wake kama mgonjwa amekubali. Maelezo hayo ni sehemu ya tiba.

Maswali yanayofungua mlango

Na uchukuliwe mfano wa mkulima wa kakao mwenye umri wa miaka hamsini, ambaye kwa mwaka mzima amepata vipele vinavyotoa maji kwenye kisogo na kando ya ndevu. Amepewa dawa ya fangasi mara tatu. Tabibu kijana anamwuliza, baada ya shikamoo: "Mzee wangu, unatumia manukato?" Jibu ni jepesi: "Hapana, mwanangu, hayo ni ya vijana." Mahojiano yangeweza kuishia hapo, na safari ya nne ya dawa ya fangasi ingeanza.

Swali halikuwa baya, bali lilikuwa dogo. Manukato kwa mzee huyo ni chupa ya urembo. Yale ambayo kinyozi humpaka shingoni baada ya kumnyoa, yanayowasha kidogo na kunukia, kwake ni dawa ya kuzuia vipele. Swali linalofaa ni hili: "Vipele huzidi lini, na siku mbili au tatu kabla yake ulifanya nini?" Mzee akikumbuka kwamba huzidi kila mwisho wa mwezi, na kwamba mwisho wa mwezi ndipo anyoapo, kazi kubwa imekwisha. Kalenda imesema.

Njia nyingine iliyo rahisi kuliko maswali yote ni kumwomba mgonjwa arudi na mfuko wenye kila kitu kinachogusa mwili wake: sabuni ya kuogea na ya kufulia, losheni, mafuta ya nywele, dawa ya kwapa, spreyi, krimu za vipele alizonunua, hata mafuta ya watoto. Mfuko huo huzungumza kuliko mgonjwa. Mara nyingi hutoka humo krimu mbili au tatu zenye harufu nzuri zilizonunuliwa kutibu vipele vilivyoletwa na harufu. Ndiyo sababu ya maradhi kuongezeka kadiri fedha inavyotumika.

Mhudumu aulize pia kazi. Kuvumwani ya misonobari huvunwa pamoja na vipande vya magome, hivyo uto wake huwa na asidi za ulimbo wa msonobari. Mtu mwenye mzio wa ulimbo huo, uitwao kolofoni, huweza kuguswa na kuvumwani, na kinyume chake. Kwa hiyo aliyefanya kazi katika mashamba ya misonobari ya Kiwira au Sao Hill, mpasua mbao, fundi simu anayelehemu kwa ulimbo wa njano, na mtu ambaye ngozi yake huwaka chini ya plasta ya kawaida, wote wana jambo la kueleza.

Kuthibitisha

Kipimo rasmi ni cha kubandika. Vizio vilivyochanganywa kwa vipimo maalumu huwekwa mgongoni chini ya vibandiko, huondolewa baada ya saa 48, na ngozi husomwa siku hiyo na tena siku ya nne. Majibu ya kuchelewa husomwa siku ya saba. Josef Jadassohn alikieleza kipimo hiki mwaka 1895, na hadi leo hakijapata mbadala. Mchanganyiko wa kwanza wa manukato unaotumika duniani kote una vitu vinane, kimojawapo kikiwa kuvumwani ya mialoni, lakini kuvumwani ya misonobari huhitaji kibandiko chake. Kipimo hiki hakifanyiki zahanati, na mgonjwa wa mwambao atahitaji rufaa kuanzia Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela. Maofisa wa ngozi waliosomea katika Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa Moshi katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, ni watu wa kwanza wa kushauriana nao. Vipimo vya damu vinavyouzwa kama "vipimo vya aleji" havitambui mzio huu, na mgonjwa asiingizwe gharama hiyo.

Yasiyowezekana yasizuie yanayowezekana. Lipo jaribio ambalo mgonjwa hulifanya nyumbani bila gharama, akishapona ukurutu uliopo. Achague kitu kimoja kinachoshukiwa, akipake kidogo ndani ya kiwiko kimoja, sehemu yenye upana wa vidole vitatu, asubuhi na jioni kwa siku saba. Kama hakuna kitu, aendelee wiki ya pili. Vipele au muwasho vikitokea hapo, aache mara moja, mshukiwa amepatikana. Manukato ya kupuliza yaachwe yakauke bila kufunikwa. Jaribio hili ni la vitu vinavyobaki mwilini tu, kama losheni, mafuta na manukato. Sabuni, dawa za kunyoosha nywele na rangi za nywele zisijaribiwe hivyo, kwa kuwa zitaunguza hata ngozi isiyo na mzio. Jaribio halitasema ni kemikali ipi iliyo ndani ya chupa, ila litasema chupa ipi iondoke nyumbani, na kwa mgonjwa hilo ndilo lenye manufaa kesho asubuhi.

Matibabu

Bila kuondoa chanzo hakuna dawa itakayodumu. Mgonjwa aache vitu vyote vyenye harufu kwa wiki nne hadi sita, si kile kimoja anachokishuku. Aoge kwa maji yasiyo ya moto na sabuni isiyo na manukato, kwa kiasi, kisha ngozi ikiwa bado na unyevu apake mafuta ya mgando yasiyotiwa harufu. Hapa pana mtego: mafuta mengi ya mgando yauzwayo kwa ajili ya watoto yametiwa manukato. Kunusa kopo ni hatua ya kwanza, kusoma orodha ni ya pili.

Ukurutu unaotoa maji hukaushwa kwanza. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji yenye pamanganeti ya potasiamu, yaliyozimuliwa hadi yawe na rangi ya waridi hafifu, huwekwa juu yake kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Ukishakauka, betamethasoni ya 0.1% ya kupaka hutumika mwilini, mikononi na miguuni mara moja au mbili kwa siku, kwa wiki moja hadi mbili. Usoni, kwenye kope na kwapani itumike haidrokotisoni ya 1%, kwa siku chache. Kipimo chake ni rahisi kufundisha: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kunjo lake la kwanza inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Wagonjwa wengi hupaka kidogo mno kwa woga kwa siku nyingi mno kwa mazoea, na makosa hayo mawili hayafidiani.

Dawa za kumeza za mzio, kama klofeniramini, humsaidia mgonjwa kulala. Hazizuii ukurutu wa mguso, maana seli zinazouendesha hazitumii histamini kama silaha yake kuu. Palipo na usaha, maumivu na tezi zilizovimba, bakteria wameingia na dawa ya kuua vijidudu ifuate mwongozo wa matibabu wa taifa. Prednisoloni ya kumeza ni ya uso uliovimba sana au ukurutu ulioenea mwili mzima, kwa uamuzi wa daktari aliyekwisha kufikiria kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu na minyoo. Sindano ya steroidi "ya kukata muwasho", inayopendwa kwa kuwa hutuliza upesi, huficha chanzo kwa wiki chache na kukirudisha kilivyokuwa.

Krimu mchanganyiko zenye steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria ndani ya mrija mmoja zinahitaji onyo la pekee. Hununuliwa bila cheti na huonekana kufaulu siku tatu za kwanza. Zikiendelezwa hulainisha ngozi hadi kupasuka, huwapa fangasi nafasi ya kuenea kwa sura isiyotambulika, na nyingine zina manukato. Baada ya ukurutu kupona, ngozi nyeusi hubaki na mabaka meusi kwa miezi kadhaa. Mabaka hayo si ugonjwa na hufifia yenyewe. Anayeyakimbilia kwa krimu za kujichubua hukutana na haidrokwinoni, zebaki au steroidi, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na mara nyingi hukutana pia na harufu ileile aliyoikimbia.

Yapo yasiyosubiri. Uso na midomo inayovimba ghafla pamoja na kupumua kwa shida, ngozi inayochubuka kama iliyoungua, vidonda vya mdomo na macho mekundu kwa mtu aliyeanza dawa mpya wiki chache zilizopita: haya si mzio wa manukato. Ni rufaa ya saa hiyohiyo.

Kuishi na mzio huu

Mzio huu haufutiki, lakini asiyeguswa na kizio chake haugui. Tangu mwaka 2005 vipodozi vinavyouzwa katika Umoja wa Ulaya hulazimika kuandika jina Evernia Furfuracea Extract, au Evernia Prunastri Extract kwa ndugu yake, kiasi chake kinapozidi 0.001% katika vitu vinavyobaki mwilini na 0.01% katika vinavyosuuzwa. Atranoli na kloroatranoli zenyewe zilikatazwa huko: bidhaa mpya zenye kemikali hizo hazikuruhusiwa kuingia sokoni tangu Agosti 2019, na za zamani ziliondolewa madukani kufikia Agosti 2021. Kamati ya kisayansi ya Umoja huo ilikadiria mwaka 2012 kwamba kati ya 1% na 3% ya watu wa Ulaya wana mzio wa manukato ya aina mbalimbali, ndiyo maana sheria ikakazwa.

Katazo la Ulaya haliifuati chupa iliyotengenezwa kwingine au iliyokaa ghalani miaka mingi. Tanzania, usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango tangu mwaka 2019, na bidhaa isiyo na alama yake wala orodha ya viambato haifai kwa mwenye mzio hata kama bei yake inavutia. Neno moja kwenye orodha, parfum au fragrance, laweza kuficha makumi ya kemikali. Manukato ya kupima, yanayomiminwa katika vichupa vidogo visivyo na karatasi, hayana orodha kabisa. Maandishi unscented hayatoshi, kwa kuwa bidhaa hiyo huenda imetiwa harufu ya kuficha harufu nyingine. Mgonjwa atafute fragrance free. Vitu vinavyoitwa "vya asili" havina kinga ya pekee, kwa sababu kuvumwani yenyewe ni ya asili.

Mwenye mzio si lazima aishi bila kunukia, jambo ambalo kwa wengi ni sehemu ya heshima ya kukaa na watu. Baada ya ngozi kutulia kwa miezi miwili anaweza kurudisha bidhaa moja moja kwa jaribio la kiwiko, na itakayopita salama akaitumia. Mafuta ya nazi yasiyotiwa kitu huwafaa wengi. Kupulizia manukato kwenye nguo badala ya ngozi ni nafuu kwa baadhi, ila katika joto la Kyela jasho hurudisha harufu mwilini, na shati moja laweza kumwamsha mgonjwa usiku wa pili. Kwa kinyozi neno moja latosha, nalo lisemwe kabla ya mashine kuwashwa: asipakwe chochote baada ya kunyolewa, akaoshwe kwa maji tu.

Mhudumu aandike mzio huo kwenye cheti cha kliniki kwa jina lake la Kiswahili na la kwenye chupa, Evernia furfuracea, kwa herufi kubwa, akitaja pia plasta na ulimbo wa msonobari kama vimethibitika. Nakala ya pili iandikwe kwenye kipande cha karatasi cha kuwekwa ndani ya kifuko cha simu, maana dukani mgonjwa huenda na simu, cheti hukiacha nyumbani.